Kutembea Wima

Wifi yake alikuja kuuguza kabla mgonjwa hajaugua. Alishuka Ijumaa na begi la nguo, ndala za bafuni na taulo zake mwenyewe, akatangaza mlangoni kwamba safari hii haondoki mpaka nyuzi zitolewe, kwa sababu mara mbili zilizopita aliondoka mapema na matokeo kila mtu aliyaona.

"Kula, wifi," alisema Jumamosi ile mchana, huku akimsogezea sahani. "Jumanne jioni watakukataza chakula. Kula sasa, uwe na mwili wa kukatwa."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Umekula kama unayemwonjea mtu mwingine."

Mwenye kuambiwa maneno hayo alikuwa mkutubi wa shule ya bweni ya wavulana, mwanamke mrefu mwenye vidole vilivyokakamaa kwa gundi, kwa kuwa kazi yake kubwa haikuwa kuazimisha vitabu bali kuviunga upya migongo. Nyumba za walimu zilijaa akina mama walioitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye, aliyekosa mtoto wa kuitiwa, walimwita Mama Maktaba. Jina hilo walilitoa kwa wema, naye aliliitikia kwa wema. Lakini kila alipoliitikia alihisi kama mtu aliyevishwa koti la kuazima na kuambiwa kwamba limemkaa.

Alikuwa amechoka. Huo haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umeuacha kitandani. Ulikuwa uchovu wa miaka ya mabenchi ya hospitali, ya kupanda vitanda vyenye karatasi inayokwaruza mgongo, ya madaktari waliomtazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Operesheni ya kwanza ilikuwa ya uvimbe. Ya pili ilikuwa ya kuzibua mirija ya uzazi. Ya tatu ilipangwa Jumatano, na alipouliza ya nini, aliambiwa, "Tuingie tena tuangalie," kana kwamba tumbo lake lilikuwa stoo ambayo mtu amesahau kitu ndani yake.

Mumewe alitoka chumbani amevaa tai. Alikuwa mwalimu wa nidhamu, na wanafunzi walimwita Kengele kwa sababu hakuwahi kuchelewa, wala hakuwahi kulia bila sababu. Hakuwahi kuvua tai kabla ya jua kuzama.

"Muda umewadia," alisema.

"Mnakwenda wapi tena, kaka?" wifi aliuliza.

"Ofisini kwangu. Kuna daktari ataongea naye kwa simu."

"Daktari wa simu!" Wifi alipiga makofi. "Atampimaje huyo? Kwa kubonyeza nyota na reli?"

"Ni daktari kamili wa akina mama," alisema mkutubi. "Nimemtumia picha zangu zote na majibu yangu yote. Nataka mtu mwingine ayatazame kabla ya Jumatano."

"Sawa, mbonyeze. Lakini usije ukabonyeza ukaghairi." Kisha, akimgeukia kaka yake kwa sauti ya mtu anayesifu ng'ombe wa nyumbani: "Ukoo wetu haujui mambo haya. Sisi kwetu hata waliooa uzeeni walizaa."

Mwalimu alikaza fundo la tai. Alikuwa amekubali shauri hili shingo upande. "Uliza maswali yako upate moyo," alimwambia mkewe, "kisha Jumatano twende." Na alikuwa anamsindikiza kwa sababu moja tu: mtandao wa kuaminika katika shule nzima ulipatikana ofisini kwake, orofa ya juu, mkabala wa mnara wa simu ulio ng'ambo ya barabara, na ufunguo wa ofisi ile hakuwahi kumkabidhi mtu yeyote, mke akiwemo.

Walivuka uwanja. Wanafunzi walikuwa michezoni, na waliomwona Kengele walichomekea mashati wakiwa katikati ya kukimbia.

Ofisi ilinuka wino na nta ya sakafu. Ukutani palikuwa na kanuni za shule ndani ya fremu, na pembeni palikuwa na kabati la chuma ambamo simu zilizonaswa mabwenini zilifungiwa mpaka likizo. Nyingine zilikamatwa zikiwa hai, na ziliendelea kutetema mle ndani hadi chaji iliposalimu amri. Wanafunzi walisema simu zao zimekwenda peponi, kwa kuwa huko peke yake ndiko kulikokuwa na mtandao.

Mwalimu aliketi kitini kwake, akavuta rundo la madaftari, akafungua kalamu nyekundu. Kilichobaki kilikuwa kiti cha upande wa pili wa meza, kile cha mbao, kifupi kuliko viti vya kawaida, ambacho alikiagiza hivyo kwa seremala ili anayeulizwa amtazame anayeuliza kwa kuinua uso. Mkutubi alikaa hapo. Aliegemeza simu yake kwenye madaftari, akafuta kioo kwa kiganja, akasubiri. Wala mumewe wala yeye mwenyewe hakuona ajabu ya kiti kile. Alikuwa amekwisha kuvizoea viti vya namna hiyo.

Daktari alitokea kiooni akiwa amejifunga kitambaa kichwani, nyuma yake pazia la maua. Mahali fulani ndani ya nyumba yake mtoto mdogo alikuwa akipiga mfuniko wa sufuria.

"Habari za mchana, dada. Unisamehe kelele, leo nahudumia nikiwa nyumbani, na msaidizi wangu hana adabu za kazi." Alitabasamu, naye pia alikuwa na mifuko ya uchovu chini ya macho. "Kabla hatujaanza, ni desturi yetu kuuliza. Uko peke yako?"

"Niko na mume wangu, mwalimu wa hapa."

"Simwoni."

"Yuko upande wa pili wa meza."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alijibu Kengele bila kuinua kichwa.

"Na wewe, dada, uko huru kuongea akiwepo? Ukitaka tuongee wawili, sema tu."

Hakuna daktari aliyewahi kumwuliza hivyo. Alichelewa kujibu kwa sababu hakujua jibu lake. "Abaki," alisema hatimaye.

Daktari alimwuliza kuhusu hedhi, maumivu, mimba iliyowahi kutunga au kuharibika, maisha yao ya ndoa chumbani. Yalikuwa maswali ya kuvuliwa nguo, lakini yaliulizwa kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, na mkutubi alijikuta anajibu bila kuinamisha macho. Alipoulizwa uvimbe ule ulitolewa lini, kalamu nyekundu ilisimama.

"Mwaka ule wa ukarabati wa bweni la kaskazini," alisema mwalimu. "Mwezi wa—"

"Namwuliza yeye, mwalimu wangu," alisema daktari kwa upole. "Zamu yako inakuja."

Kalamu ilirudi daftarini. Mkutubi aliuma mdomo wa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akimkata kauli Kengele ndani ya ofisi ile.

"Sasa, dada, nimezitazama picha zako mara mbili," daktari aliendelea. "Mirija imefunguka, pande zote. Majibu ya damu yanaonyesha mayai yanapevuka. Kizazi kimepona vizuri. Jumatano wanaingia kutafuta nini?"

"Walisema wataangalia tena."

"Hilo nimelisoma. Nauliza wanatafuta nini." Hakungoja jibu. "Vipimo vya mwenzako vinasemaje?"

"Hakuna."

"Hakuna tatizo, au hakuna vipimo?"

Mfuniko wa sufuria ulilia huko kwa daktari. Huku ofisini simu moja ilitetema kabatini, ikatulia.

"Hakuna vipimo," alisema mkutubi.

"Daktari," mwalimu aliingilia, akiweka kalamu chini sambamba na ukingo wa meza, "mimi ni mzima. Sijalazwa hospitali tangu nizaliwe. Hata wale wa hospitali walipoulizia, niliwaambia hivyo hivyo, wakaridhika."

"Waliridhika upesi. Naomba usogee nikuone."

Alisimama, akazunguka meza, akaja nyuma ya mkewe, mikono mgongoni.

"Naona tai," alisema daktari. "Tai nzuri, lakini siwezi kuihoji."

Mwalimu aliinama. Uso wake ulijitokeza kiooni juu ya bega la mkewe, mkubwa, wa kushtukiza, kama wa mtu anayechungulia dirishani kwa jirani. Daktari alianza kumwuliza. Amewahi kufanyiwa upasuaji chini ya kitovu? Hapana. Kuumia sehemu za siri, mpirani au popote? Hapana. Ugonjwa wa zinaa? Hapana. Dawa za kudumu? Hapana. Alijibu kama anayeita majina asubuhi, haraka na kwa ukavu, bila kungoja swali limalizike.

"Umewahi kuugua matumbwitumbwi ukiwa umeshabalehe?"

Hakujibu.

Mkutubi hakugeuka. Hakuhitaji kugeuka, kwa sababu alikuwa anaijua habari ile neno kwa neno, na pengine hapakuwa na mtu katika shule nzima asiyeijua. Mumewe aliisimulia kila mwanzo wa muhula mbele ya wanafunzi wapya. Aliisimulia harusini kwao wenyewe, akiwa amesimama na glasi ya maji mkononi. Namna alivyosoma shule ya bweni, na namna bweni zima lilivyopata matumbwitumbwi mwaka wa mtihani wa mwisho. Namna wenzake walivyofungasha masanduku kurudi kwa mama zao, naye akakataa, mashavu yamemvimba kama mpiga tarumbeta. Na mwisho wake ulikuwa uleule siku zote: "Sikulia. Sikulalamika. Nilitembea wima, sikuchechemea, mpaka dawatini, nikafanya mtihani." Hapo watu hupiga makofi.

Sikuchechemea. Miaka yote hiyo neno lile lilikuwa limempita sikioni kama kengele ya chakula.

"Mwalimu?" aliita daktari. "Unanisikia, au mtandao umekatika?"

"Sikumbuki," alisema mumewe.

Mkutubi alihisi uchovu wote wa miaka ukikusanyika mahali pamoja, kifuani, kama watu walioitwa mkutanoni. Haukuwa hasira. Aliongea akiwa bado anatazama mbele, kwenye kalamu nyekundu iliyolala mezani.

"Kwa nini uchechemee?"

"Nini?"

"Matumbwitumbwi ni ugonjwa wa mashavu. Kila mwaka unawaambia watu hukuchechemea. Nani alikuambia mgonjwa wa mashavu huchechemea?"

Daktari alisogea karibu na kioo. Mfuniko ulinyamaza, pengine alikuwa amemnyang'anya mtoto. Mkutubi aliinuka, akasimama kando ya kiti kile kifupi, akakisogeza kidogo kuelekea simu.

"Kaa hapa," alisema. "Ataona uso wako vizuri."

Mwalimu alikitazama kiti. Alikuwa amewaketisha humo watoro, wavuta sigara, wezi wa sabuni na watoto wa watu wakubwa, na hakuwahi kukigusa tangu siku alipokipokea kwa seremala. Aliketi. Magoti yalimpanda juu. Ilimbidi ainue uso ili atazamane na kioo.

"Yalishuka," alisema.

"Yalishuka wapi, mwalimu?" Daktari aliuliza kwa sauti ya chini. "Niambie kwa jina lake. Hapa ni hospitali."

"Korodani. Zilivimba. Kwanza moja, kisha zote. Na homa ambayo sijaiona tena." Alikohoa. "Kulikuwa na mmoja wetu bwenini aliyemwambia muuguzi. Wenzetu walimpa jina. Siwezi kulitamka mbele ya mke wangu. Jina hilo lilimfuata mpaka siku anaondoka shuleni. Basi mimi nikanyamaza. Nilikuwa nalowesha taulo, najifunga usiku. Mchana natembea wima."

"Ulikuwa mtoto mwenye homa," alisema daktari.

"Nilikuwa kiranja wa bweni."

"Hilo pia."

Alimweleza bila kumsimanga. Ugonjwa ule, ukimshika aliyekwisha kubalehe, mara nyingine hushuka hivyo. Wapo ambao haukuwaachia athari yoyote, wapo ambao uliwapunguzia mbegu, na wachache uliwanyima kabisa. Yeye ni yupi kati ya hao, hakuna mtu angeweza kujua kwa kumtazama tai. Kulikuwa na maabara mjini. Angepewa kikombe na chumba chenye kitasa. Majibu yangekuja kwa simu, wangeketi tena watatu, na hata yakiwa mabaya njia zilikuwapo za kuzungumzwa.

"Na operesheni ya Jumatano isimame kwanza," alisema. "Nitampigia daktari wa hospitali mimi mwenyewe, nimwambie hakuna mtu wa kupasuliwa mpaka kikombe kijibu. Dada, uko hapo? Umekubali?"

"Nimekubali." Mkutubi aliinama ili aonekane. Kulikuwa na swali alilotaka kuliacha, na likakataa kuachwa. "Daktari, zile mbili nilizokwisha kufanyiwa."

Daktari alisugua jicho moja kwa kifundo cha kidole. "Ya kwanza uliihitaji. Uvimbe ulikuwepo, nimeuona pichani. Ya pili..." Alisita. "Sikuwapo, dada. Ningekuwapo, ningeanza na kikombe."

Baada ya kuagana, kioo kilizimika, kikawaonyesha vivuli vyao wenyewe. Uwanjani filimbi ililia na vijana wakashangilia bao. Mwalimu alibaki kwenye kiti kifupi, mikono juu ya magoti.

"Ungeniambia," alisema mkewe.

"Nimekuwa nikisema. Kila mwaka. Mbele ya watu."

"Umewaambia watu."

Mwalimu alisugua magoti kwa viganja. Kisha alisema, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo, "Nilidhani iliisha siku ile niliposimama kutoka dawatini. Wallahi nilidhani iliisha. Ningejua, unadhani ningekuacha wakukate?"

Alimwamini. Hilo ndilo lililomchosha zaidi: kwamba alimwamini, na kwamba kumwamini hakukuondoa kovu hata moja. Wala hakusahau kwamba, alipoulizwa, jibu lake la kwanza lilikuwa kutokumbuka.

"Una hasira," alisema mwalimu.

"Sina. Hasira inataka nguvu. Funga ofisi, twende."

Walirudi kwa njia ileile, yeye akiwa mbele. Nyuma yake alisikia hatua za mumewe, nzito na zilizopimwa, na kwa mara ya kwanza zilimwonyesha ni kazi kiasi gani kutembea vile.

Wifi alikuwa sebuleni akikunja taulo za kuuguzia. "Haya, nyota na reli wamesemaje?"

"Operesheni imeahirishwa," alisema mwalimu, akaelekea chumbani.

"Imeahirishwa? Kwa nini?" Taulo ilisimama hewani. "Ah, wifi! Umeogopa. Nilijua tu. Umetafuta daktari wa kukupa maneno matamu, umempata. Na kaka yangu je? Aendelee kuitwa Mwalimu, Mwalimu, mpaka azeeke, asiwe na hata mmoja wa kumwita baba?"

Mkono wa mwalimu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Alitazama saa yake, ambayo haikuwa na la kumsaidia. Mkutubi aliona jinsi ambavyo mambo yangekwenda: mlango ungefunguka, ungefungwa, wifi angeendelea kuongea hadi chakula cha jioni, naye angeitikia kwa kichwa kama kawaida yake, ingawa mwenye kisa alikuwa amepatikana. Miguu ilimwuma. Alitamani sana kulala. Lakini aliona kwamba akilala sasa, ataamka palepale.

"Malizia, Mwalimu," alisema.

Aligeuka. Wakatazamana juu ya kichwa cha wifi na taulo zake. Kisha mwalimu aliachia kitasa, akarudi katikati ya sebule, akasimama kama asimamavyo mbele ya shule nzima, visigino pamoja.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, kaka?"

"Wa kupimwa ni mimi. Nilipaswa kupimwa kabla yeye hajaguswa na kisu. Nilikataa."

Wifi alicheka. Alimtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, akacheka tena, mara hii kidogo, kisha akaishiwa. "Lakini sisi kwetu..."

"Dada yangu, nyamaza kidogo. Keti nikueleze."

Wifi aliketi, taulo mapajani. Mwalimu naye aliketi, jambo ambalo hakulifanya kamwe aliposimulia habari hii, akaanza pale alipoanzia siku zote: bweni, mwaka wa mtihani, masanduku yanafungwa.

Mkewe hakubaki kusikiliza. Aliingia chumbani, akavuta chini ya kitanda begi la hospitali ambalo lilikuwa tayari tangu juzi, akatoa gauni la kulalia, ndala, na chupa ya maji. Alitaka kuvipanga kabatini. Alivua viatu kwanza, ili apumzike kidogo, na miguu ilipotoka viatuni hakuweza tena kusimama. Alijilaza kando ya begi lililo wazi, gauni limemwangukia mkononi.

Ukutani sauti ya mumewe ilipita, tulivu, iliyozoea njia yake. Ilifika mashavuni. Ilifika dawatini, mahali ambapo watu hupiga makofi. Alifumba macho akangoja inyamaze, lakini sauti haikunyamaza. Ilijikwaa, ikakohoa, ikaendelea mbele, polepole, kwa maneno ambayo hayakuwa na mazoezi.

Alilala kabla haijafika mwisho.